Mwalimu wa Fildi Hataki Wageni

Neno la kwanza alilolitamka nyumbani kwangu, baada ya shikamoo, lilikuwa hili: "Bi Mkubwa, choo kiko wapi?"

Nikadhani tumbo limemshika njiani. Kutoka mjini mpaka kwetu ni safari, na watu hula mihogo ya kukaanga pale stendi ya Kibiti bila kuuliza yale mafuta yana umri gani. Nikamwelekeza uani, nikamwekea kopo la maji mlangoni. Kumbe mwenzangu hana haja yoyote. Nilipochungulia nikamwona amechuchumaa nje ya choo, ametoa futi ya fundi mfukoni, anapima upana wa mlango. Akaingia, akapima kutoka ukutani mpaka kwenye tundu. Akatoka, akaandika kitu kwenye karatasi. Mie nimesimama na upawa mkononi, sijui nicheke au nipige kelele za mwizi.

"Mwalimu," nikamwambia, "choo changu kimekosa nini?"

"Hakijakosa kitu kwa mtu mwenye miguu miwili na macho mawili. Lakini mwaka huu nina mwanafunzi anayetembelea baiskeli ya magurudumu matatu. Huyo mlango huu anapitaje?"

Alizaliwa wapi na ni mtoto wa nani, sijui. Hakunieleza, nami sikumuuliza. Sisi tulimwita Mwalimu wa Fildi, kwa kuwa kila mwaka, masika ikishakatika, alikuja na basi dogo la wanafunzi wa chuo kikuu akawagawa kama mtu anayegawa miche: huyu zahanati, huyu ofisi ya kijiji, wale wawili kwa bwana shamba. Wiki nane wanafanya kazi na sisi, wanalala kwetu, wanakula kwetu. Ndiyo fildi hiyo. Bila fildi hakuna kuvaa joho. Hilo nilikuja kulielewa sawasawa lilipomfika mjukuu wangu Zuhura, mwenye mguu mmoja, ambaye ofisi tatu zilimkataa mwaka ule ule aliotakiwa kufanya fildi yake, na asipofanya anabaki nyuma. Habari ya Zuhura ndiyo iliyonikalisha niandike. Lakini huwezi kuielewa kama humjui yule bwana na futi yake.

Alikuwa mrefu, mkavu, shati la mikono mifupi na kalamu tatu mfukoni, na katika hizo tatu hapana hata moja iliyokuwa na wino. Akitaka kuandika anaazima. Subira hana hata ya chai kupoa: anaimimina kwenye kisahani, anapuliza, anamaliza, halafu anakutazama wewe kama unamchelewesha. Bada, ugali wetu wa muhogo, kwa kambale alikula mpaka jasho linamtoka puani. Na maji aliyaogopa. Mtu mzima, msomi, analeta watoto wa watu kwenye nchi ya mto, akipita daraja la Ndundu anafumba macho, na daraja lile ni la zege. Mtumbwi ndiyo hataki hata kuusikia. Wanafunzi wakitakiwa kuvuka, yeye husimama ukingoni anawapigia kelele vaeni maboya, vaeni maboya, mpaka ndege wanaruka.

Wenye gesti za Ikwiriri walimjua kabla yetu. Akishuka garini na ile futi wanaambizana, "Mkaguzi wa vyoo huyo." Zamani wanafunzi wake walilala kwenye gesti hizo. Akagundua kwamba wenye fedha walikuwa wanakula chipsi kuku, na wasio nazo wanakunywa maji wanalala, asubuhi wanasema wamefunga. Mtu anafunga mwezi mzima na Ramadhani haijaandama! Basi akawatoa wote kule, mwenye nacho na asiye nacho, akawaleta kwenye nyumba zetu, sufuria moja. Walionuna walinuna. Msichana mmoja alilia kwamba kwangu hakuna feni. Nikampa kipepeo cha ukili, nikamwambia feni ndiyo hiyo, umeme wake ni mkono wako.

Chakula kikishatengwa, kabla hajanawa, Mwalimu anazungusha macho mkekani anauliza: "Nani hayupo?"

Kila siku, hata kama wote wapo. Mwanzoni nilidhani anahesabu watoto wa watu wasije wakapotea. Kumbe alikuwa anauliza kitu kingine. Mwaka mmoja alikuja na binti aliyejifungua, kichanga hakijamaliza hata miezi mitatu. Walimu wenzake chuoni walikuwa wameshampangia binti abaki, fildi na kichanga haziendi pamoja. Mwalimu akamleta na nepi na beseni na kila kitu. Akanitua mtoto mapajani.

"Bi Mkubwa, hii ndiyo fildi yako."

"Nami nitapewa cheti?"

"Utapewa mkojo."

Nilipewa mkojo wiki nane. Mama yake alifanya kazi zahanati. Saa nne na saa nane anavuka uwanja anakuja kunyonyesha, anarudi mbio. Alifaulu, na fildi yake aliifanya yote, hakupunguziwa hata siku.

Sasa msidhani namwandika malaika. Alikuwa na dereva wake, mtu mpole wa makamo, na kwa miaka miwili sikumwona mkekani kwangu. Anakula ndani ya gari, sahani juu ya usukani. Siku moja Mwalimu ameshauliza nani hayupo, ameshanawa, anataka kumega. Nikamwambia, "Wee Mwalimu. Dereva wako yupo?"

Mkono ukabaki hewani. Wanafunzi wakainamia sahani wasionekane wanacheka. Akasema, "Yeye anapenda kule."

"Ulimuuliza?"

Akanyanyuka na vidole vibichi, akaenda garini, akarudi naye. Tangu siku hiyo yule dereva alikaa ubavuni kwangu, na ndiye aliyekuwa anamaliza ukoko. Mwalimu hakunishukuru, na wala hakunisamehe haraka. Siku mbili nzima aliniita "Mama" tu, si "Bi Mkubwa".

Alikuwa na ukali mwingine kwa wanafunzi wake ambao mie niliupenda. Mwaka fulani walikuja na mabango yamepakwa rangi nzuri, wanataka kutufundisha kunawa mikono. Tumekusanywa ofisi ya kijiji, kijana anaonyesha: kwanza unalowesha, kisha sabuni. Jirani yangu Bi Tatu, ambaye mdomo wake haujawahi kulala, akanyoosha mkono.

"Mwanangu, sisi tunatawadha mara tano kwa siku. Wewe unanawa mara ngapi?"

Ofisi ikaanguka kwa kicheko. Mwalimu akanyanyuka nyuma kule, akayakunja mabango yote, akayatia kwapani. "Kaeni chini," akawaambia wanafunzi wake. "Leo na kesho hakuna kusema. Sikilizeni hawa watu wanataka nini, ndipo mtajua mnafanya nini." Wakakaa siku mbili wanasikiliza. Tulichotaka ni uzio wa kuzuia nguruwe pori, na mtu wa kutuandikia barua kwenda wilayani kuhusu viboko. Wakajenga uzio pamoja nasi, mikono ikawatoka malengelenge. Barua wakaiandika mara nne, kwa sababu kila wakitusomea, Bi Tatu anasema, "Hapo hamjaweka uchungu."

Lakini kisa kilichonikaa rohoni, na ambacho mie mwenyewe nimo ndani yake, ni cha yule kijana asiyeona.

Haoni kabisa, ana fimbo yake nyeupe na simu inayomsemesha. Alipangiwa ofisi ya kijiji, awasikilize watu walioliwa mazao na wanyama, ayaandike malalamiko. Sisi tukampokea. Ah, tulimpokea! Tukampa kiti cha mwenyekiti chenyewe. Tukamweka kwenye upepo. Akitaka kunyanyuka tunamwambia, "Kaa, kaa baba, utajikwaa." Uji asubuhi ulikuwa wangu. Madafu yalitoka kwa Bi Tatu. Watu wakija na malalamiko yao tunawaambia wapite kwa mtendaji, wasimchoshe mgeni. Kwetu mgeni hashiki kazi mbele ya mwenyeji, ni aibu, na mgeni mwenye hali kama ile ndiyo kabisa. Zilipofika wiki nne mtendaji akamjazia daftari lake la fildi: vizuri sana, vizuri sana, vizuri sana, kurasa zote, na muhuri.

Mwalimu akaja kukagua. Akasoma. Akamwita kijana mbele yetu sote.

"Jumatatu ulifanya nini?"

"Nilikaa, Mwalimu."

"Jumanne?"

"Nilikaa."

"Jumatano?"

"Nilikunywa madafu mawili."

Tukacheka. Mwalimu hakucheka. Alizichana zile kurasa moja moja, polepole, mpaka ule muhuri. Mtendaji akakaa kama mtu aliyepigwa kofi msikitini. Halafu Mwalimu akatugeukia: "Wageni nendeni mkawachukue stendi. Mimi sikuwaletea mgeni. Nimewaletea mfanyakazi, nanyi mmempa sadaka."

Nilimchukia siku ile, kweli tena. Uji wangu nimeupika kwa nazi, leo unaitwa sadaka! Yule kijana alilia, maana alitakiwa aanze upya, wiki zote. Mwalimu akamwacha alie mpaka akamaliza, kisha akamuuliza: "Unataka nini ili kazi iende?" Hakutuuliza sisi, alimuuliza yeye. Kijana akasema anataka kamba ya mkonge ifungwe kutoka ofisini mpaka njia kuu, atembee mwenyewe, na watu waache kumshika mkono bila kumwambia. Mambo mawili tu, na sisi tulikaa naye wiki nne hatukumuuliza hata moja. Ilipofungwa kamba, kazi ikaenda. Wanawake ambao mbele ya mtendaji hawafungui kinywa, kwa yule kijana walifunguka, kwa kuwa yeye hawatazami usoni wala hawaangalii khanga zao zimechakaa. Nami nilikwenda. Nilimweleza kiboko alivyomaliza mpunga wangu, nikasema na mengine ambayo sikuwa nimemwambia mtu.

Ungedhani nimejifunza.

Zuhura ni mtoto wa binti yangu. Nimemlea tangu ananyonya chupa, namwita mke mwenzangu, kwa sababu marehemu babu yake alikuwa anamwita mke wangu mdogo, na tuligombana naye kwa hilo kama wake wenza wa kweli. Alipokuwa na miaka minane nilimtuma chumvi dukani, ng'ambo ya barabara ya lami. Gari halikusimama. Sitaandika zaidi ya hapo. Mguu ulikatwa juu ya goti, na tangu siku hiyo sikumtuma tena kitu chochote, hata kijiko. Maji nilimchotea mimi, nguo nilimfulia mimi. Shuleni walimu walimwambia vizuri, Zuhura, vizuri, hata pale alipokosa. Bahati yake ana kichwa, akafika chuo kikuu, akasomea kilimo. Watu wakaniuliza, kilimo kwa mguu mmoja? Nikawajibu anasoma kwa kichwa, nanyi mna miguu miwili mbona hamjafika huko?

Mwaka wa fildi ukafika. Wenzake wakapata nafasi. Yeye barua zikarudi, moja baada ya moja, zimeandikwa kwa adabu: mazingira yetu hayatamfaa kwa hali yake. Alizipanga kitandani, akawa anazitazama tu. Mtoto mcheshi yule! Akikosa nafasi msimu ule, anarudi mwaka nyuma, na mkopo wa masomo haumsubiri. Na Mwalimu wa Fildi alikuwa wa chuo hicho hicho. Basi nikampigia, nimeweka sauti ya nje ili Zuhura asikie bibi yake alivyo na watu.

"Mwalimu, mtoto amekosa mahali. Mwandikie tu kwamba amefanya. Wewe si ndiye mwenye daftari?"

Nikadhani salio limekwisha.

"Bi Mkubwa, umenitukana."

"Nimekutukana nini? Ninakuomba!"

"Yupo hapo? Zuhura, unanisikia? Utafanya fildi huko huko kwenu, bondeni, chini ya bwana shamba. Barua yako naiandika leo."

"Bondeni!" nikapiga kelele. "Bondeni tope linafika magotini!"

"Yeye si ana goti moja? Litazama moja."

Nikataka kuitupa simu. Nikamgeukia Zuhura nimfariji, nikamkuta anacheka. Amejitupa kitandani juu ya zile barua, anacheka mpaka machozi. Mwalimu akasubiri amalize, akamuuliza lile swali lake: unataka nini ili kazi iende?

"Magongo yasiyozama," akasema Zuhura. "Dungu lenye ngazi ya kushikia pande zote mbili. Na bibi yangu asinifuate."

Dungu ni kile kibanda cha juu ya nguzo tunachojenga shambani kulinda mpunga. Ngazi yake ilitengenezwa kwa siku moja. Magongo yalimshinda kila mtu mpaka fundi wa mitumbwi alipoyachongea nyayo za mbao, pana kama mfuniko wa mtungi. Ukikanyagia tope zinakaa juu. Bwana shamba wetu, ambaye ni msichana, ila neno halibadiliki, akampa kazi: mashamba kumi na mawili, sita upande huu wa kijito na sita ng'ambo. Kila wiki apite, ahesabu mashuke meupe. Kuna funza anaingia ndani ya bua la mpunga. Shuke la mpunga mzima linainama kwa uzito. Lile lililoliwa linasimama wima, jeupe, zuri kwa mbali, na ukilikamua halina kitu. Yakizidi, watu waonywe mapema.

Siku ya kwanza nilimwona kwa mbali akianguka mara tatu. Ya pili, mara mbili. Nilikuwa nimejificha kwenye magugu, mwanamke wa umri wangu. Sikuweza kuvumilia. Nikapita nyumba kwa nyumba kwa wale wenye mashamba ya ng'ambo: jamani, msimwache mtoto avuke kijito, mleteeni mpunga huku. Wakakubali wote, nani akatae? Zuhura nikamwambia bwana shamba ameridhia. Ulikuwa uongo. Akanitazama kidogo, akayapokea mafungu ya mashuke, akayahesabu ukumbini kwangu, na mie nikampelekea uji.

Mwalimu alikuja wiki ya sita. Alikuwa amezeeka ghafla, nywele zote nyeupe, na alisema huu ndio msafara wake wa mwisho, anastaafu. Zuhura alimpokea juu ya dungu, akampa daftari. Mie nilikuwa chini, nimekuja na chai, ndiyo kisingizio. Akasoma. Akarudi ukurasa wa nyuma, akasoma tena.

"Huku upande wetu funza wapo. Ng'ambo hamna hata mmoja. Wiki tano. Huo mpunga wa ng'ambo uko peponi?"

Zuhura akajibu, "Ndivyo nilivyohesabu, Mwalimu."

Akashuka ngazi, akaenda moja kwa moja mpaka kwenye kijito, akamwambia mwenye mtumbwi amvushe. Yule mtu wa kuogopa maji! Alikaa katikati ya mtumbwi ameshika kingo zote mbili, macho ameyafumba, midomo inamcheza. Alikaa huko kama nusu saa. Aliporudi suruali imelowa mpaka kiunoni, na Bi Tatu yuko nyuma yake, maana shamba mojawapo lilikuwa lake.

"Nusu ya shamba la huyu mama limeliwa," akasema. "Zuhura, ulilihesabu lini?"

Bi Tatu akadakia: "Hajafika. Bibi yake alisema tumpelekee, nikampelekea. Kila wiki, mashuke yaliyonona."

"Kwa nini yaliyonona?"

"Alaa! Sasa nimpelekee mwana wa watu mpunga mbovu? Hiyo ni adabu gani?"

Wote sita walifanya hivyo hivyo. Kila mmoja alimchagulia Zuhura mashuke mazuri ya shamba zima, kama mtu anavyomchagulia mkwe wake embe. Naye aliandika daftarini kwamba ng'ambo ni salama, na bwana shamba akaamini, na funza wakawa wanakula mpunga wa Bi Tatu bila mtu kumwambia. Hata mwenyewe alikuwa akisema ni ukame.

Mwalimu akaniomba kalamu, sikuwa nayo, akaichukua ya Zuhura, ambaye alikuwa ameshashuka dungu na daftari. Akaandika. "Sehemu hii ni sifuri. Daftari likibaki hivi, umeanguka fildi."

Hapo nikalipuka. Nilimwambia maneno ambayo mengine sitayaweka hapa. Nikamwambia hana huruma, mtoto kilema anampa sifuri, kosa ni langu mie, niandike mie sifuri. Wakulima wamesimama wanatazama. Yeye kasimama, maji yanamchuruzika viatuni.

"Bibi, basi."

Ni Zuhura. Yuko wima juu ya magongo yake.

"Nilijua," akasema. "Siku ya kwanza tu nilijua umenidanganya. Bwana shamba angeniambia mwenyewe. Sikuuliza kwa sababu nilikuwa nimechoka kuanguka. Kwa hiyo kosa ni langu." Akamgeukia Mwalimu. "Zimebaki wiki mbili. Nikiyahesabu yote sita upya?"

"Nitakuja kusoma nitakachokikuta."

"Mie nikusindikize tu mpaka kwenye mtumbwi," nikasema.

"Hapana, mke mwenzangu. Kaa."

Akaenda. Tuliona magongo yanapanda na kushuka kwenye tope, chapu, chapu. Mtumbwini akaingia kwa makalio, kama mtoto anayeshuka kitandani, hakuna aliyemshika. Ng'ambo alianguka. Nikanyanyuka. Alikaa pale chini kwenye mpunga muda mrefu, haonekani, na mie roho imenitoka imerudi. Halafu kikaonekana kichwa, halafu gongo moja, halafu la pili. Mwalimu alikuwa pembeni yangu naye anatetemeka. Hakusema ni baridi au ni nini, nami sikumuuliza.

Alirudi alasiri, tope mpaka shingoni, amebeba mkononi fungu la mashuke meupe. Akaniwekea mapajani, kwenye khanga safi. "Tazama, Bibi," akasema. "Mabovu haya. Nimeyatafuta mwenyewe." Uso wake ulikuwa kama wa bi harusi. Nikakamua moja, likatoka vumbi.

Wiki mbili alivuka kila siku. Kila jioni alirudi na jeraha jipya kiganjani, na mie nikamwekea maji ya chumvi, nikatoka chumbani. Wenye mashamba wakaonywa. Wa ng'ambo wengine waliokoa kilichobaki, Bi Tatu aliokoa kidogo sana. Alinifuata mpaka jikoni kunieleza uji wangu umemgharimu magunia mangapi.

Mwalimu alitimiza ahadi. Mara hii alikuja kwa basi la abiria, bila dereva wala wanafunzi, kwa kuwa gari la chuo lilikuwa limeshapewa mwingine. Akakaa mkekani kwangu, akalisoma daftari lote kuanzia mwanzo. Chai ikapoa kwenye kikombe, yeye anasoma. Alipomaliza akaandika herufi moja, akampa Zuhura.

"B," akasema Zuhura.

Nikauliza B ndiyo nini. Mwalimu akasema ni nzuri, lakini ya juu yake ipo.

"Kwa nini hukumpa ya juu?"

"Kwa sababu wiki tano alihesabu ukumbini kwako."

Nikamtazama Zuhura, nikijua ataumia. Alikuwa anaisoma ile herufi tena na tena, anachekea daftari. Tangu lile gari la barabarani, hapakuwa na mtu aliyewahi kumpa chini ya alichokitaka, wala kumpa kile hasa alichokistahili. Wote tulimpa tu. Akaniambia, "Bibi, ni B yangu," kama mtu anayetaja jina la mwanawe.

Mara tukasikia kelele uani. Bi Tatu kaingia bila hodi, ameshika mabua mkononi, mdomo umeshatangulia.

"Zuhura! Wee Zuhura! Toka nje! Umesema nikate mabua nichome, nimekata, nimechoma, na bado leo nimeona funza! Umenidanganya au hujui kazi?"

"Ulichoma na visiki?" Zuhura akajibu kutoka ndani.

"Visiki hukusema!"

"Nilisema! Ulikuwa unaongea!"

Akayavuta magongo yake, akatoka. Wakaanza kubishana pale uani, huyu na lake, huyu na lake, sauti zimepanda mpaka kuku wamekimbia. Bi Tatu akamwita mjinga. Zuhura akamwita mbishi, akamwambia twende shambani sasa hivi unionyeshe. Mwalimu wa Fildi akageuza shingo kunitazama mie, kuona kama nitanyanyuka.

Sikunyanyuka. Nikavuta ungo, nikaanza kuchambua mchele.